Waliobisha Hodi Rabai

Pwani ile inayoshuka kutoka Kismayo kuelekea Ras Kiamboni, penye Darakasi na vijiji vingine vya Wabajuni, haijulikani kwa makanisa. Hujulikana kwa misikiti, kwa mashua na kwa samaki. Visiwa vimepangana sambamba na bara kama shanga katika uzi: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo, na wenyeji wake ni Waislamu tangu karne nyingi. Askari waliotumwa Kismayo chini ya bendera ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2012 wameiona pwani hiyo kwa macho yao. Mmoja wao akiulizwa habari za Wakristo wa upande ule, pengine atadhani anafanyiwa mzaha.

Hata hivyo walikuwako. Mwanzoni mwa karne ya 20, Jubaland ilipokuwa bado chini ya Waingereza, wamisionari wa Kilutheri kutoka Uswidi walikuwa na kituo Kismayo na kingine Jilib, karibu na mto Juba. Mwaka 1925 nchi hiyo ilikabidhiwa kwa Waitaliano. Wamisionari wakaendelea na kazi yao hadi mwaka 1935, Italia ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ndipo wakafukuzwa. Kundi lao lilikuwa dogo, lakini yafaa kuangalia ni nani waliokuwa ndani yake. Wengi wao hawakuwa wavuvi wa pwani wala wafugaji wa Kisomali. Walikuwa wakulima wa bonde la Juba, ambao babu zao walikuwa watumwa waliotoroka.

Watoro hao ndio watakaotuongoza katika makala hii, kwa sababu wenzao wa safari ileile, walioshika njia nyingine, waliacha katika vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, kisa cha usharika wa Kikristo ambacho kinastahili kujulikana zaidi kuliko kinavyojulikana.

MSITU AU MLANGO

Katika karne ya 19 watu waliokamatwa katika nchi za Wayao, Wanyasa, Wamakua na Wazigua waliuzwa mpaka Barawa na Marka, wakalime mashamba ya mto Shebelle. Mwezi Juni mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Wafanyabiashara hawakukata tamaa. Waliwaswaga watu kwa miguu, kwa njia ya bara, kutoka kusini kupita Mombasa na Lamu kuelekea upande wa Kismayo, mpaka Sultani alipotoa amri nyingine mwezi Aprili mwaka 1876 kukataza misafara hiyo. Hata baada ya amri biashara haikwisha siku moja.

Aliyefaulu kutoroka kaskazini aliingia msitu wa Gosha kando ya Juba. Huko watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, wakalindwa na msitu, mbung'o na mishale. Kiongozi wao mashuhuri, Nassib Bundo, alikuwa Myao kwa asili. Nao Wazigua wa huko wameihifadhi lugha yao mpaka leo, kizazi baada ya kizazi, mbali kabisa na Handeni.

Aliyetoroka kusini, kutoka mashamba ya mtama ya Malindi, Mambrui au Takaungu, mara nyingi alielekea Rabai. Tofauti ni kubwa. Msituni mtu hahitaji ruhusa ya mtu. Rabai ilimlazimu kupiga hodi, na mtu wa ndani alilazimika kuamua kama ataitikia.

WENYEJI WALIOKUWA WAGENI

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tulikaririshwa kwamba Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mke na mtoto mchanga mwaka uleule. Kwamba Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846. Kwamba Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Milima tuliikariri sana. Hatukuambiwa jambo ambalo naliona kuwa kubwa zaidi: kwamba watu wa kwanza kukaribisha wageni Rabai walikuwa wazee wa kaya wa Kirabai, wasiokuwa Wakristo wala Waislamu. Ndio waliowapa Wazungu wale wawili mahali pa kukaa mwaka 1846. Kanisa la Rabai lilianza maisha yake likiwa mgeni katika nyumba ya watu.

Wala halikuanza kwa kishindo. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu wa mwili, ambaye alibatizwa muda mfupi kabla ya kufa. Kwa miaka mingi baada ya hapo waumini walihesabika kwa vidole. Rebmann alikaa Rabai mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu, na mtu aliyepima kazi yake siku hiyo kwa idadi ya vichwa angesema imepotea bure.

Mabadiliko yaliletwa na Waafrika. Mwaka 1864 waliwasili Rabai vijana kutoka India, miongoni mwao William Jones, Ishmael Semler na George David. Hawa walikuwa watoto wa Kiafrika walionaswa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakapelekwa Bombay na kusomeshwa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Jones alikuwa Myao. Tafakari njia ya mtoto huyo: aibiwe kwao, auzwe, apakiwe jahazini, aokolewe, avushwe bahari hadi India, afundishwe kazi na dini, kisha arudishwe kwenye pwani ileile aliyopitishwa akiwa bidhaa.

Mwaka 1875, upande wa pili wa kivuko cha Mombasa, huko Kisauni, misheni hiyohiyo ya Kianglikana iliweka kijiji cha watu waliokombolewa kutoka majahazini. Kiliitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Unguja kuhusu mkataba wa mwaka 1873. Kijiji kilikuwa na kengele. Ilipigwa kuita watu kwenye ibada, na ilipigwa vilevile kuwaonya kwamba wateka watu wanakuja. Mnara wake ungali pale, na mahali penyewe huitwa Kengeleni. Abiria anayeshuka hapo kila siku na kapu lake la sokoni pengine hajui kwamba jina la kituo hicho lilikuwa zamani sauti ya hatari.

MAISHA YA KUNDI

Mama wa nyumbani anayesoma ukurasa huu atafahamu upesi kuliko mwanahistoria maana ya kupokea watu wa namna hiyo. Mtoro hafiki na mzigo. Hufika hana jembe, hana sufuria, hana mkeka, na mara nyingine ana mtoto mgongoni. Hana shangazi wa kumpikia wala mjomba wa kumwombea shamba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi Rabai ilibidi jembe hilo litafutwe, na kipande cha ardhi cha kulima, na mahali pa kulala mpaka mhogo wake ukomae. Yote hayo hayakutoka mbinguni. Yalitoka kwa watu ambao wenyewe walikuwa wamefika vivyo hivyo miaka michache nyuma.

Na lugha je? Katika ibada moja waliketi Myao, Mnyasa, Mmakua, Mzigua, Mtaita na Mrabai. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, lugha ile ile ya bwana aliyekimbiwa, sasa ikatumika kusali, kufundisha watoto kusoma, kuoa na kuzika. Mtu aliyenyang'anywa ukoo alipata ukoo mwingine. Watu wa Mombasa waliwapa jina moja wote: Wamisheni.

Mwaka 1884 nchi ya Wamijikenda ilipigwa na njaa kali, ile iitwayo Mwakisenge. Watu wengi walikimbilia vituo vya misheni kutafuta chakula. Katika njaa, kila kibaba anachopewa mgeni kimeondolewa katika chungu cha mwenyeji. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kulea familia kwa mshahara mdogo.

Nisingependa msomaji aondoke akifikiri kwamba walikuwa malaika. Freretown palikuwa na nidhamu ya viboko, na ukali wa msimamizi mmoja wa Kizungu uliletewa uchunguzi mwaka 1881, akaondolewa. Waliosoma India waliwadharau wengine waliotoka majahazini jana, na Wazungu nao waliwaona hao wa India kuwa na majivuno. Warabai wa asili, ambao ndio wenye nchi, waliona kanisa limejaa wageni mpaka wao wenyewe wakawa kama wageni humo. Ugomvi wa namna hii unajulikana katika kila kambi ya familia za askari, ambako watu wa makabila kumi hutumia bomba moja la maji. La kushangaza ni kwamba kundi halikusambaratika.

SHERIA ILIPOKUWA UPANDE WA BWANA

Sasa tufike kwenye kiini. Askari polisi anayesoma makala hii ataliona tatizo mara moja. Utumwa ulikuwa halali katika pwani ya Mombasa mpaka mwaka 1907. Mtoro, kwa sheria ya wakati ule, alikuwa mali iliyopotea, na aliyemficha alikuwa ameshika mali ya mtu. Wakuu wa misheni walijua hivyo. Walikuwa wageni katika nchi ya Sultani, na ubalozi wa Uingereza uliwaonya mara kwa mara wasiwapokee watoro wasije wakaiharibu amani ya nchi. Kanuni rasmi, basi, ilikuwa kuwakataa.

Nao watoro wakazidi kuja.

Hatari haikuwa ya maneno matupu. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo wa Kiafrika walikuwa wamejenga kijiji chao wenyewe bila Mzungu, na watoro wakajiunga nao. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Habari hizo zilifika Rabai. Kila aliyefungua mlango baada ya siku hiyo alijua unaweza kumgharimu nini.

Katika miaka hiyo ya 1880 aliyeliongoza kundi la Rabai kwa karibu zaidi alikuwa William Jones. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, pamoja na Ishmael Semler, wakawa Waafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika kanisa la Kianglikana la pwani ile. Muda mfupi baadaye Jones alifuatana na askofu kuelekea Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo, na ni Jones aliyewarudisha wapagazi waliobaki mpaka Rabai, mwanzoni mwa mwaka 1886, wamekonda, wengi wao wagonjwa. Wanajeshi wanajua uzito wa kuongoza kikosi kinachorudi bila kamanda wake.

Mtu huyo, aliyekuwa mtumwa utotoni, ndiye aliyekuwa akiletewa mtoro usiku na kuulizwa afanye nini. Barua za wakuu zilisema mrudishe. Chini ya uangalizi wake hawakurudishwa. Walipewa viwanja, wakajenga, wakaingia darasa la ubatizo. Mwaka 1887 usharika ukajenga kanisa la mawe, ambalo jengo lake limesimama mpaka leo na sasa ni makumbusho ya Krapf. Ningependa siku moja kuona jina la Jones limeandikwa juu ya mlango huo kwa herufi zisizo ndogo kuliko za Krapf.

Mwaka 1888 hesabu ikafika. Mabwana wa mashamba walikuwa wamechoka kuona nguvu kazi yao ikihamia vilimani, wakaanza kutishia kuvishambulia vituo vya misheni. Kwa upande wao walikuwa na hoja ya kisheria, na haifai kuificha. Wala isidhaniwe kwamba ulikuwa ugomvi wa Uislamu na Ukristo. Kumwacha huru mtumwa ni thawabu kubwa katika Uislamu, na wengi katika pwani hii waliupata uhuru wao kwa mkono wa bwana Mwislamu aliyemcha Mungu. Ugomvi ulikuwa wa mashamba na mavuno.

George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliwasili Mombasa mwezi Oktoba mwaka huo akakuta moto unakaribia kuwaka. Watoro waliokuwa Rabai na katika vituo vya jirani, pamoja na vile vya Wamethodisti, walihesabiwa wakapatikana zaidi ya 1,400. Mackenzie akapatana na mabwana walipwe riale 25 za fedha kwa kila mtu, zile zenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Fedha zilitoka kwa Kampuni, kwa serikali ya Uingereza na kwa marafiki wa misheni. Tarehe 1 Januari 1889 watu walikusanyika Rabai, wakaitwa kwa majina, kila mmoja akapewa hati ya uhuru wake.

Wako wanaosema ilikuwa aibu kumlipa mwizi. Mimi nasema waliopokea hati zile hawakurudi kuuliza zililipiwa na nani. Hata hivyo si sahihi kumpa Mackenzie sifa yote, kama vitabu vingi vifanyavyo. Fedha zake ziliwakuta watu ambao tayari walikuwa wakiishi kama waungwana kwa miaka, kwa sababu kundi la Rabai lilikuwa limewahesabu hivyo kabla ya sheria. Lau wangerudishwa mmoja mmoja kama kanuni ilivyotaka, mwaka 1889 pasingekuwa na mtu wa kuitwa jina.

Jones alipata daraja ya ukasisi mwaka 1895, akafa mwaka 1904, miaka mitatu kabla ya utumwa kufutwa kisheria katika pwani yake.

WAJUKUU

Kutoka Freretown alitokea James Juma Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye mwaka 1934 alichapisha kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kueleza habari za wazazi wake na wenzao. Ukoo huohuo ulimtoa Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka 1940 na kufariki mwezi Februari mwaka 2025. Sauti yake ilisikika redioni kwa miongo mingi katika kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Alikuwa akikemea tabia za kupiga foleni teke na kutupa taka dirishani, na nchi nzima ikicheka. Katika Kiswahili cha zamani mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Sijui ni wasikilizaji wangapi waliofikiri swali hilo lilikuwa likiulizwa na mtu wa ukoo gani.

Huko Kismayo mambo yalikwenda njia nyingine. Baada ya mwaka 1935 waumini wa Juba walibaki bila wachungaji. Jengo la kanisa la Kikatoliki mjini Kismayo, lililokuwa limekaa bila ibada tangu vita kuanza, lilibomolewa na al-Shabaab mwaka 2008.

Wabajuni nao, waliokuwa wameishi kwa amani na bahari yao, walipatwa na zamu yao ya kupiga hodi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, majambazi wenye silaha waliingia visiwani na katika vijiji vya pwani, wakapora mashua, nyavu na heshima za watu. Wengi waliingia baharini na watoto wao wakashuka mpaka Lamu na Mombasa. Waliwekwa katika kambi ya Jomvu. Wazee wa Mombasa wanaijua Jomvu kwa jambo jingine pia: Wamethodisti walifungua kituo chao huko katika miaka ya 1860, na watoro wa Kisauni na Takaungu walikijua vizuri. Katika miaka ya 1990 waliofika walikuwa Waislamu wa visiwa vya Chula na Chovai, na hawakuhitaji mkalimani, maana Kibajuni na Kiswahili cha Mombasa ni ndugu wa tumbo moja.

Baadhi yao wamerudi visiwani. Wengine walivuka mbali zaidi, wakaomba hifadhi Uingereza. Huko hutakiwa kuthibitisha kwamba kweli ni Wabajuni. Huwekwa mbele ya mtu mwenye karatasi, sauti zao zikanaswa ili wataalamu wa lugha wazichunguze, wakaulizwa wavitaje visiwa kwa utaratibu kuanzia Kismayo kwenda kusini, aina za samaki, na majina ya vijiji vya bara vinavyovikabili. Akikosea kimoja, huenda hati asipewe.